Maktau: Stesheni Iliyozaliwa Vitani

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akiisha kuupita mji wa Mwatate na mashamba ya mkonge yaliyo kando yake, akiisha kuyaona majumba ya misheni ya Bura, na akiisha kuiacha milima ya Taita upande wake wa kulia, huingia katika nyika pana ya udongo mwekundu, yenye migunga na vichaka vya miiba, ambayo maji yake ni haba na jua lake halina huruma. Na ni katika nyika hiyo, chini ya kilima kinachoonekana kutoka mbali, ndipo ilipo stesheni ya Maktau. Reli yake imefunikwa na majani, mataruma yake yamefukiwa na udongo ulioletwa na mvua za miaka mingi, na hakuna gari la moshi linalotazamiwa hapo leo wala kesho.

Stesheni nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu akizidodosa asili yake, hujibu kwa habari za biashara. Muheza ilifikiwa na reli ya Wajerumani mwaka 1896 kwa ajili ya mashamba yaliyokuwa yakifunguliwa nyuma ya Tanga; Kisumu ilifikiwa na reli ya Waingereza mwaka 1901 kwa ajili ya ziwa na nchi zilizo ng'ambo yake. Maktau haikuwa na ziwa wala shamba, haikuwa na soko wala bandari, wala hapakuwa na umati wa watu waliolilia reli ipitishwe mlangoni pao. Waliopachagua mahali hapo walikuwa majemadari, na walichokitafuta ni kilima cha kutazamia mbali, uwanja wa kupigia kambi, na kituo cha kupumzikia kabla ya kuivuka nyika iliyobaki kumwendea adui. Yeyote atakaye kuifahamu stesheni hii, na kufahamu kwa nini ilikufa jinsi ilivyokufa, hana budi aanze na vita.

Si kwamba njia yenyewe ilikuwa ngeni. Muda mrefu kabla ya reli, misafara ya pwani ilikuwa ikikata nyika ya Taru kutoka Mombasa, ikipumzika Taita kupata maji na chakula, kisha ikielekea Taveta, ambako msitu na mto Lumi viliwapa wafanyabiashara na wapagazi wao kivuli na riziki kabla ya kupanda Uchagani au kuingia Umasaini. Kwa njia ya namna hiyo hiyo alipita Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Waingereza, ambaye tarehe 11 Mei 1848, akiwa ameipita milima ya Taita, aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na wanazuoni wa Ulaya wakazikataa kwa kuwa hawakusadiki kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wenyeji waliokuwa wakiutazama mlima huo kila kulipopambazuka hawakuulizwa.

Vita Kuu ilipotangazwa mwezi wa Agosti 1914, nchi hii ilijikuta katikati ya reli mbili zilizokuwa zikitazamana bila ya kugusana. Upande mmo­ja ilikuwako Reli ya Uganda, kutoka Mombasa kupitia Voi na Nairobi. Upande wa pili ilikuwako Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe, ikafika Mombo, na kufikia mwaka 1911 ikawa imefika Moshi. Baina ya Voi na ncha ya reli ya Moshi hapakuwa na umbali mkubwa, kadiri ya kilomita 150, na kwa bahati iliyokuja kuwa na maana kubwa baadaye, reli zote mbili zilikuwa na upana ule ule wa mita moja. Wajerumani hawakungoja. Tarehe 15 Agosti 1914 askari wao waliishika Taveta, wakajiimarisha juu ya kilima cha Salaita, na kutoka huko vikosi vidogo vidogo vilianza kuivuka nyika usiku, maji yao yakichukuliwa na wapagazi, vikaenda kutega baruti chini ya Reli ya Uganda. Madaraja yalivunjwa na magari yakapinduliwa, hata Waingereza wakawa wakisukuma mabehewa yenye mchanga mbele ya injini ili baruti ipasuke chini ya mchanga kabla ya kupasuka chini ya watu.

Jawabu la Waingereza lilikuwa kujenga reli ya vita. Mwanzoni mwa mwaka 1915 kazi ilianza Voi, ikiongozwa na vikosi vya mafundi wa reli vilivyoletwa kutoka Bara Hindi, na mwezi wa Juni mwaka huo huo chuma kilikuwa kimefika Maktau. Mwendo huo ni wa haraka ya kustaajabisha, lakini ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa vizuri. Reli hailazwi na maneno ya jemadari. Kuna mtu aliyekata miiba kwa panga mbele ya wapimaji, kuna aliyechimba udongo mwekundu na kuujaza katika karai mpaka tuta likasimama, kuna wanane au kumi walioshika pau moja ya chuma mabegani wakaibeba kwa kuitikiana, wakaitua juu ya mataruma kwa neno moja la nyapara, kisha wakarudi kuifuata nyingine, na jua likawa juu ya vichwa vyao tangu asubuhi. Vitabu vya vita vimehifadhi majina ya majenerali waliokuja kuikagua kazi hiyo, navyo vikawataja waliolijenga tuta kwa jina la jumla tu: vibarua.

Na tatizo kubwa la Maktau, kuliko risasi, lilikuwa maji. Kambi ya maelfu ya watu na wanyama wao iliwekwa mahali ambapo hapakuwa na kisima cha kuwatosha hata sehemu ndogo yao, hata ikabidi maji yachukuliwe kwa matangi juu ya reli na kuvutwa kwa mabomba kutoka upande wa Bura, ambako milima hukamata mvua. Hapo ndipo reli ilipodhihirisha thamani yake ya kweli katika vita hivi. Watu husema reli hupeleka askari. Katika nyika hii askari aliweza kwenda kwa miguu yake, ila hakuweza kubaki huko bila ya maji, na ilichokipeleka reli kila siku, kabla ya mizinga na kabla ya unga, ni kinywaji. Kila kilomita iliyoongezwa mbele ya Maktau ilikuwa ni kilomita moja zaidi ambayo jeshi liliweza kuishi.

Katika kambi hiyo walikusanyika watu ambao ulimwengu wa amani usingaliwakutanisha kamwe: Wabaluchi na Wapunjabi, Waingereza wa Lancashire, askari wa King's African Rifles, na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokuwa na wawindaji na wasafiri wa kila namna, miongoni mwao Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60, ambaye aliuawa tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho upande wa Rufiji, na jina lake likapewa mbuga kubwa ya wanyama ya kusini mwa Tanzania. Hata eropleni zilifika Maktau mwaka 1915, zikaruka juu ya nyika kuchungulia ngome za Salaita, na bila shaka kwa wachungaji wengi wa pande hizo ndicho chombo cha kwanza cha angani walichokiona. Tarehe 14 Julai 1915 jeshi lilitoka Maktau kwenda kuishambulia ngome ya Wajerumani ya Mbuyuni, likashindwa, likarudi nyuma ya miiba na mitaro yake. Tarehe 3 Septemba, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, aliyejeruhiwa mguu katika mapambano na Wajerumani, alikataa kuchukuliwa na wenziwe, akataka aachwe pamoja na majeruhi wasioweza kuondoka ili awalinde, akauawa hapo. Alipewa baada ya mauti nishani ya Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi.

Ushujaa wa Dartnell ni wa kweli nami siupunguzi. Lakini mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, katika wilaya hiyo hiyo, lilitokea jambo ambalo halikuletewa nishani, na ambalo mwandishi wa historia ya reli hii hana haki ya kulipita kimya. Wajerumani walipokuwa wameshambulia kituo cha Waingereza kwenye mlima wa Kasigau, serikali ya kikoloni iliwatuhumu wenyeji wa mlima huo kuwa waliwaongoza adui, ikazichoma nyumba zao, ikawakusanya wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, ikawahamishia Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea hewa ya baridi na mashamba ya mteremkoni, walitupwa katika joto la pwani lenye homa wasiyoizoea, bila ya chakula cha kutosha, na wengi wao walikufa huko. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi makwao mpaka baada ya miaka mingi, vita vikiwa vimekwisha kusahauliwa na wale waliovianzisha. Vita vilivyoizaa stesheni ya Maktau ndivyo vilivyowahamisha Wakasigau, na habari hizi mbili zinapaswa kusomwa katika ukurasa mmoja.

Mwanzo wa mwaka 1916 mambo yalikwenda mbio. Mbuyuni ilishikwa tarehe 22 Januari, reli ikasogezwa mbele, na tarehe 12 Februari askari wa Afrika ya Kusini, waliokuwa wamewasili karibuni na waliodharau askari weusi wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, waliukwea mteremko wa Salaita wakapokewa kwa moto uliowarudisha mbio, wakapoteza watu wapatao 170 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea. Waliowastiri katika kurudi kwao walikuwa Wabaluchi, watu ambao asubuhi ya siku ile wageni hao walikuwa bado wakiwatazama kwa jicho la chini. Jenerali Smuts, kamanda mpya wa majeshi ya Waingereza, alishuka Mombasa siku chache baadaye, akaipita Salaita kwa kuizunguka, Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na mwezi wa Machi, baada ya mapigano makali ya usiku katika vilima vya Latema na Reata, Moshi ilishikwa, kisha Kahe. Reli ilifuata nyuma ya jeshi hatua kwa hatua, ikauvuka mpaka wa makoloni mawili, na katika mwaka huo huo ikaungana na Reli ya Usambara hapo Kahe. Reli mbili zilizokuwa zikitazamana kwa uadui zikawa moja, kwa sababu tu upana wao ulikuwa sawa.

Jeshi likaenda kusini, mpaka Rufiji na mpaka Ruvuma, na Maktau ikabaki nyuma ya vita. Wapagazi waliopita hapo wakielekea kusini walikuwa wakiitwa Carrier Corps, na jina hilo, likitamkwa kwa ulimi wetu, ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hesabu rasmi peke yake iliwataja wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa kuwa zaidi ya 40,000, na aghalabu waliuawa na njaa, kuhara na homa ya mapafu kuliko na risasi. Hapo Maktau pana makaburi ya askari wa Kihindi, yaliyotengenezwa na kuhifadhiwa kwa taadhima. Mpagazi hakuwekewa kaburi la namna hiyo.

Kwa kawaida reli ya vita, vita vikiisha, hung'olewa na chuma chake kuuzwa. Hii haikung'olewa, na sababu ni kwamba Tanganyika ilikuwa sasa chini ya Waingereza, na njia ya Voi iliipa mikoa ya Kilimanjaro mlango wa pili wa kutokea baharini. Kabla ya vita mazao ya Moshi yalikuwa hayana budi kuteremka Tanga. Baada ya vita yaliweza kupita Taveta, Maktau na Voi yakafika Kilindini, ambako tangu miaka ya 1920 meli kubwa ziliweza kufunga kwenye gati, ilhali Tanga ziliendelea kutia nanga mbali na mizigo kuchukuliwa kwa matishari. Watu wa Tanga hawakuifurahia hali hiyo, nami naona walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa bandari yao ilinyimwa mzigo ambao reli yake ilijengwa mahsusi kuuleta. Walakini kwa Maktau ushindani huo ulikuwa ni uhai. Kahawa ya Uchagani, mkonge wa Taveta na Mwatate, magunia ya mahindi, mafuta ya taa na nguo za dukani vilipita hapo kwenda na kurudi, na nyika iliyochaguliwa na majemadari ikapata bwana stesheni wake, vijana wake wa gengi, na mabibi wa kuuza ndizi na maziwa dirishani mwa mabehewa.

Kazi ya stesheni ya namna hiyo ni nyepesi kuitazama na nzito kuitenda. Reli ilikuwa moja tu, kwa hiyo magari mawili yasingaliweza kupishana ila stesheni, ambako kulikuwa na njia ya pili ya pembeni. Bwana stesheni aliketi mbele ya chombo chake cha simu, akaiuliza stesheni ya mbele kama njia i tupu, akangoja, akapata jibu, akaliandika katika karatasi pamoja na namba yake na saa yake, akatia sahihi, kisha akatoka nje akamkabidhi dereva mkononi. Bila ya karatasi ile dereva hakuondoka, hata kama macho yake yalikuwa yakiona reli nyeupe mpaka upeo wa mbingu, hata kama abiria walikuwa wakilalamika kwa joto. Usalama wa watu wote waliokuwamo katika mabehewa ulitegemea uaminifu wa mtu mmoja, mbali na wakubwa wake, katika nyika ambayo tembo walikuwa wakiivuka reli kwenda kunywa maji. Maana tangu mwaka 1948 nchi iliyo jirani imekuwa sehemu ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na lango mojawapo la hifadhi hiyo linaitwa Maktau mpaka leo.

Mwaka huo huo 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitiwa chini ya idara moja, East African Railways and Harbours, na njia inayopita Maktau ikawa ndiyo kiungo pekee cha reli baina ya Tanganyika na jirani zake wa kaskazini. Kisha, mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha kupata uhuru na Kenya ikiupata mwishoni mwa mwaka huo, ilifunguliwa njia kutoka Mnyusi mpaka Ruvu, iliyoiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Msomaji naatazame ramani apime maana ya jambo hilo. Kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Kampala, likapita Nairobi na Voi, likasimama Maktau, likavuka mpaka Taveta, likapita Kahe, Korogwe na Mnyusi, likafika Dar es Salaam, bila ya gurudumu lake kuiacha reli. Ule ufa wa kilomita 150 ulioachwa na wakoloni wawili, na ukazibwa na vita kwa nia ya kuvamia, ndio uliokuja kuzishika pamoja nchi tatu huru. Mimi sijui stesheni nyingine ndogo katika Afrika ya Mashariki iliyobeba maana kubwa kiasi hicho huku ikiwa na watu wachache kiasi hicho.

Lakini kilichosimama juu ya mapatano huanguka pamoja na mapatano. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, iliingia katika ugomvi wa fedha, siasa na mali, na shirika la reli lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa zaidi: nani anamdai nani, injini zikae wapi, karakana ni ya nani. Mwanzo wa mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na katika mwaka huo Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikabaki na shirika lake la reli na kipande chake cha njia. Mpaka ulikaa umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983. Kwa miaka ile karibu saba Taveta ikawa mwisho wa safari, na Maktau, ambayo thamani yake yote ilikuwa katika kuwa njiani, ikawa njiani kuelekea mahali ambapo reli haikuendelea.

Mpaka ulipofunguliwa, dunia ya usafirishaji ilikuwa imekwisha kugeuka. Malori yalikuwa yamejifunza njia zake, wafanyabiashara wa Moshi walikuwa wamejizoeza Tanga na Dar es Salaam, na reli ya Voi, ambayo haikuwa imetengenezwa ipasavyo, haikurudia tena hadhi yake. Magari yakapungua, yakawa ya nadra, hatimaye yakakoma. Katika muongo wa 2010 barabara ya Voi mpaka Taveta ilitiwa lami, kikafunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani Taveta na Holili, na mzigo ambao zamani ulikuwa ukipimwa kwa mabehewa sasa unapita Maktau bila ya kusimama, juu ya matairi.

Upande wa pili wa mpaka habari ni nyingine. Reli ya Tanga, iliyokuwa nayo imelala, ilifufuliwa na serikali ya Tanzania: mwaka 2019 magari yalianza tena kwenda Moshi, na mwaka uliofuata yakafika Arusha. Kwa hiyo chuma cha Kahe kina uhai tena, na Voi inapitiwa kila siku na magari ya reli mpya ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 kando ya ile ya zamani. Kilichokufa ni kipande cha katikati peke yake. Wako wanaosema kifufuliwe, na hoja zao za biashara waachiwe wahandisi na wanahesabu kuzipima; ila liko jambo moja lisilohitaji mhandisi. Wageni huja Taita kila mwaka kutembezwa katika mahandaki ya Vita Kuu, wakaonyeshwa ngome za Mashoti na kilima cha Salaita, wakasomewa majina yaliyochorwa juu ya mawe ya makaburi. Stesheni ya Maktau na tuta lake vingestahili kuingizwa katika ziara hiyo, na pakawekwa hapo ubao wenye habari za waliolijenga tuta lile, za wapagazi waliolipita wakielekea kusini, na za Wakasigau waliohamishwa, zikaandikwa kwa Kidawida, lugha ya Wataita, na kwa Kiswahili, maadamu watoto na wajukuu wa watu hao wangali wakiishi katika nchi hiyo na wangali wakizisimulia.